Vijidudu Vinavyoishi Mwilini na Saratani: Maswali Ninayoulizwa Zaidi Hapa Mtwara

Kazi yangu ni ya maabara. Siku nzima naangalia vitu ambavyo wengine hawataki hata kuvitaja mezani: choo, mkojo, makohozi. Watu wakishakujua kwa kazi hiyo hawakuachi, uwe msibani au kwenye foleni ya samaki Feri. Tangu ianze kuzunguka ile sauti ya WhatsApp inayosema kuna "bakteria wa kansa", maswali yamezidi, nikaona bora niyajibu kwa maandishi mara moja. Mimi si daktari wa saratani. Panapohitaji daktari nimesema wazi.

Ni kweli nina vijidudu mwilini hata nikiwa mzima?

Ni kweli, na ni wengi kuliko unavyodhani. Hesabu iliyofanywa na watafiti mwaka 2016 inasema mtu mzima wa kawaida ana bakteria trilioni 38 hivi, na seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Ukiwakusanya wote uzito wao haufiki robo kilo. Wengi wako utumbo mpana, wengine mdomoni, kwenye ngozi na ukeni. Wanasaga mabaki ya chakula tusiyoyaweza sisi, wanatengeneza vitamini K, wanaifundisha kinga ya mwili nani adui na nani jirani. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya "kuua bakteria wote tumboni" anakuuzia hasara.

Basi saratani inaambukiza?

Haiambukizi. Unaweza kumuuguza mgonjwa wa saratani, kula naye sahani moja, kulala naye chumba kimoja. Kinachoweza kuambukizwa ni baadhi ya vimelea vinavyoichochea. Kwa makadirio ya mwaka 2018, saratani 13 hivi kati ya kila 100 zilizogunduliwa duniani zilitokana na maambukizi, na kwetu Afrika kusini mwa Sahara sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Wanaoongoza ni wanne: bakteria wa tumbo aitwaye Helikobakta pailori, virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na virusi vya homa ya ini aina ya B na C.

Kijidudu kidogo hivyo kinafanyaje mpaka seli igeuke?

Njia ni zaidi ya moja. Virusi vya HPV vinaingiza vinasaba vyao ndani ya seli na kutengeneza protini mbili, E6 na E7, ambazo zinazima breki za seli. Seli isiyo na breki inagawanyika hovyo. Bakteria wengine wanatoa sumu. Kuna aina ya E. koli, bakteria wa kawaida kabisa wa utumbo, wanaotengeneza sumu iitwayo kolibaktini. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi waliwaingiza bakteria hao kwenye vipande vidogo vya utumbo vilivyooteshwa maabara, wakakuta sumu yao imeacha alama za pekee kwenye vinasaba, kisha alama zilezile zikaonekana kwenye baadhi ya saratani za utumbo za wagonjwa. Ni kama kuikuta nyayo ya mwizi kwenye tope la uani.

Njia ya tatu, ambayo kwa huku kwetu naiogopa zaidi, ni uvimbe wa muda mrefu, ule wa kidonda kinachowaka, si uvimbe wa saratani. Kimelea kinakaa mahali miaka kumi, ishirini. Kinga inapigana nacho bila kumaliza vita, ngozi ya ndani inaumia, inajijenga, inaumia tena. Kila kujijenga ni kunakili vinasaba upya, na anayenakili sana hukosea.

Lakini mwenye mikorosho ataelewa hili bila mimi kumfundisha. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu mweupe kama unga, upo kila mwaka, na bado si kila mwaka unakula maua yako. Unahitaji maua machanga, ubaridi wa usiku, umande, na shamba lisilopigwa salfa. Na hawa vijidudu ni hivyohivyo. Kuwa naye si kuugua.

Nina vidonda vya tumbo miaka mingi. Vitageuka saratani?

Uwezekano mkubwa ni kwamba havitageuka, ila usiviache hivyo. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na huyo Helikobakta pailori, si mawazo wala pilipili. Zamani madaktari walibisha kwamba hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye tindikali ya tumbo. Mwaka 1984 daktari mmoja wa Perth, Australia, Barry Marshall, alichoka kubishana, akanywa kikombe cha bakteria hao. Siku chache baadaye akaanza kutapika na tumbo likawaka. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Siwashauri muige.

Mwaka 1994 bakteria huyu aliwekwa rasmi kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Karibu nusu ya watu duniani wamekuwa naye, na wanaoishia kupata saratani ya tumbo hawazidi 3 kati ya 100. Afrika kuna kitendawili chake: tunaye kwa wingi, lakini saratani ya tumbo kwetu ni chache kuliko Asia ya Mashariki. Maelezo yanayotolewa ni aina ya bakteria wenyewe, chakula, hata minyoo.

Mjomba wangu alimung'unya vidonge vya kutuliza tindikali kwa miaka tisa. Kila mara anapata nafuu, kila mara inarudi. Siku alipopima choo akakutwa na bakteria, akapewa dozi ya siku 14: dawa ya kupunguza tindikali pamoja na antibiotiki mbili. Siku ya tano akajisikia mzima, akaacha. Tulianza upya kwa ugomvi. Ukimaliza dozi, subiri angalau wiki 4, na acha zile dawa za tindikali wiki 2 kabla ya kurudia kipimo, la sivyo majibu yatakudanganya. Na ukiona choo cheusi kama lami, unakonda bila sababu, au chakula kinakwama, usije kwangu. Nenda ukaangaliwe kwa mpira wenye kamera.

Karanga na homa ya ini vinahusiana vipi? Nimesikia redioni.

Umesikia sawa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye ini maisha yote bila kuuma. Upande wa pili kuna kuvu, huyu haishi mwilini bali kwenye karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu, naye anatoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo inaharibu jeni inayolinda seli za ini. Utafiti wa Shanghai miaka ya 1990 ulionesha kwamba mwenye aflatoksini peke yake hatari yake ya saratani ya ini ilipanda mara 3 hivi, mwenye virusi B peke yake mara 7, na mwenye vyote viwili karibu mara 60. Isome tena hiyo namba ya mwisho. Hawa wawili wakikutana hawajumlishi, wanazidisha.

Sasa tuseme ukweli kuhusu karanga zetu. Wengi tunazinyunyizia maji kabla ya kuzimenya kwa mkono ili ganda lilainike vidole visiume. Hapo ndipo tunamkaribisha kuvu. Anika karanga na maganda yake mpaka ukitikisa zinalia, usizianike chini kwenye udongo, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uchungu. Zile mbovu usimpelekee msagaji wa siagi ya karanga, maana zikisagwa hakuna atakayeziona tena. Kukaanga au kuchemsha hakuimalizi sumu hiyo. Kituo cha utafiti cha Naliendele hapo jirani kinashughulika na karanga miaka mingi, kaulizeni mbegu na namna ya kukausha.

Watoto wetu wanapata chanjo ya homa ya ini B ndani ya ile sindano ya wiki ya 6, 10 na 14. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa apime kwanza. Akikutwa hana, anachanjwa dozi tatu.

Kwa nini kliniki wanapaka siki? Na chanjo ya wasichana si inafunga kizazi?

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na karibu yote inatoka kwa HPV. Aina mbili tu za kirusi hicho, namba 16 na 18, zinabeba kama asilimia 70. Wanawake wengi wanakipata na mwili unakifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa wachache kinabaki, na kutoka hapo mpaka saratani ni miaka 10 hadi 20, mifupi zaidi kwa anayeishi na VVU. Hiyo miaka ndiyo nafasi yetu.

Kipimo chenyewe ni hivi. Unalala kama unavyolala kwa mkunga, anaingiza kifaa cha kufungulia, anaona mlango wa kizazi kwa taa. Anagusisha pamba yenye siki nyepesi, asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja. Palipo pazima panabaki na wekundu wake. Palipoanza kubadilika panakuwa peupe, kama ukoko wa wali. Mara nyingi panachomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi palepale, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 aende hata kama haumwi. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi.

Chanjo haifungi kizazi. Haina kirusi hai ndani yake, ina maganda matupu ya kirusi ili kinga ijifunze sura yake. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja, ikatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, kwa sababu mara nyingi kizazi kinaondolewa. Mimi natamani makungwi wangekuwa na neno la chanjo hii kwenye mafunzo yao. Msichana akitoka unyagoni anakumbuka kila alichoambiwa. Semina yetu ya afya anaisahau kabla soda haijaisha.

Shangazi yangu ananiambia nijisafishe ndani na kutumia dawa za kubana. Kuna ubaya?

Upo. Ukeni kuna bakteria walinzi, jamii ya wale wa maziwa mgando, wanaotoa asidi inayowazuia wengine wasistawi. Wanawake ambao walinzi hao wamepungua huonekana kukaa na HPV muda mrefu zaidi. Sabuni, ndimu, shabu, majani, vyote vinawasumbua. Nje osha kwa maji. Ndani pamejiwekea utaratibu wake. Mwambie shangazi kwa adabu kwamba umesikia, kisha usifanye.

Mtoto amevimba taya na meno yanalegea. Jirani anasema ni jino bovu.

Huenda ni jino. Lakini kwenye ukanda wa malaria kama wetu kuna saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza kutoka Uganda mwaka 1958. Mwaka 1964 kwenye vipande vya uvimbe huo ndipo kilipoonekana kwa mara ya kwanza kirusi cha Epstein-Barr. Karibu sote tunacho tangu utotoni, hakitufanyi kitu. Malaria ya mara kwa mara inapoichosha kinga, kirusi hicho kinapata mwanya. Uvimbe huu unakua upesi mno, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Habari njema ni kwamba unayeyuka upesi pia kwa dawa za kemo. Msing'oe jino na kusubiri wiki tatu. Mpelekeni hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo.

Bakteria wa mdomoni anafika vipi utumbo mpana?

Kwa kumeza au kwa damu. Huyu anaitwa Fusobakteriamu, kazi yake ya kawaida ni kuozesha fizi. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalimkuta kwa wingi ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana, na baadaye akakutwa hata pale saratani ilipokwishahamia kwenye ini, kana kwamba amesafiri nayo. Kama ndiye aliyeanzisha moto au alikuja kuota tu, bado wanabishana. Piga mswaki, wa dukani au wa mti.

Chakula chetu cha zamani kinasaidia, au ni maneno ya wazee?

Wazee hawakukosea sana. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana chakula: Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh wakala vyakula vya kijijini vyenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini wakala soseji, baga na chipsi. Ni wiki mbili tu. Utumbo wa Wamarekani ukatulia, bakteria wao wakaongeza kutengeneza butireti, asidi inayolisha na kulinda ukuta wa utumbo. Wale wa Afrika Kusini mambo yakawa kinyume.

Na la nyumbani lipo. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa Kilimanjaro kwa wanaume 77. Waliohamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilionesha dalili za uvimbe wa ndani zikipanda. Wa mjini waliohamishiwa chakula cha asili, zilishuka. Huo haukupima saratani, naomba usiende kusema nimesema umepima.

Sisi wa Kusini tuna kunde, choroko, mbaazi, kisamvu, na ming'oko inayouzwa imechemshwa barabarani tukiipita kwenda kununua chipsi mayai. Pombe sitaipamba, iwe uraka au tembo la mnazi. Bakteria wa mdomoni wenyewe wanaigeuza kuwa asetaldehaidi, sumu inayochubua vinasaba.

Ninunue vidonge vya "bakteria wazuri"?

Hapana, hela hiyo nunua mbaazi. Kwenye utafiti wa wagonjwa wa saratani ya ngozi nchini Marekani uliotoka 2021, waliokula nyuzinyuzi za kutosha walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele, na vidonge vya dukani havikuonesha faida. Mtindi ni chakula kizuri. Unywe kwa sababu ni mtamu.

Nikinywa rangi mbili kila nikihisi homa, naharibu kitu?

Unaharibu. Antibiotiki haichagui, inafyeka wa heri na wa shari. Tafiti zimewakuta waliotumia antibiotiki kwa muda mrefu wakiwa na vinyama vingi zaidi kwenye utumbo mpana, vile ambavyo baadhi hugeuka saratani. Na wagonjwa wanaopewa dawa mpya za kuamsha kinga ipigane na saratani, wakinywa antibiotiki karibu na matibabu, wengi wao hawanufaiki sawasawa. Ukiandikiwa na daktari baada ya kipimo, meza yote. Ukijiandikia mwenyewe dukani, jiulize umepima nini.

Kuna kijidudu kinachotibu saratani?

Kipo, na huenda una kovu lake begani. BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga, ni bakteria aliyepunguzwa makali. Tangu 1976 imetumika pia kutibu saratani ya kibofu iliyo bado juujuu: inaingizwa kwenye kibofu kwa mrija, mara moja kwa wiki kwa wiki 6, na kinga inayokuja kumpiga bakteria inaipiga na saratani. Mwaka 2021 pia, watafiti wa Marekani na Israeli walichukua choo cha wagonjwa waliopona vizuri, wakakisafisha, wakawapa wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimegoma. Baadhi yao dawa zikaanza kufanya kazi. Hiyo ni ya majaribio hospitalini, tafadhali mtu asijaribu nyumbani.

Naweza kupima damu nione bakteria wa saratani?

Usitoe hela yako. Mwaka 2020 jarida kubwa la sayansi lilichapisha kazi iliyodai kila saratani ina vijidudu vyake vinavyoweza kuonekana kwenye damu. Wengine wakarudia hesabu, wakakuta makosa, na mwaka 2024 jarida likaifuta. Kampuni za vipimo zilikuwa zimeshajipanga.

Kichocho je? Kijana wangu anakojoa damu, rafiki zake wanamwambia amekua.

Hajakua, anaumwa. Kichocho ni mnyoo, si kijidudu, lakini siwezi kuandika ukurasa huu kwa watu wa Kusini nikamwacha. Mayai yake yana mwiba mkiani. Nimeyaona mara nyingi chini ya darubini na bado yananikera. Yakishindwa kutoka yanazama kwenye ukuta wa kibofu, na kidonda kinachochokolewa miaka mingi ndicho chanzo cha saratani ya kibofu, aina ambayo BCG niliyoitaja haiitibu. Kwa wasichana kinaweza kuumiza hata sehemu za uzazi. Dawa ni prazikwanteli, kwa uzito au kimo chake. Itaua minyoo iliyopo, haitamzuia kupata mingine akirudi kwenye majaruba ya mpunga au bwawa lilelile.

Mlete apimwe, ila usimlete alfajiri na kichupa cha mkojo wa kuamkia kama tulivyozoea. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mwambie akimbie kidogo uwanjani kwanza, kisha akojoe, na ule mkojo wa mwisho mwisho ndio anipe.